Kulitafutia Kioo Gari la Jeshi la Zamani



Mwaka 1941 kiwanda cha Willys-Overland mjini Toledo, jimbo la Ohio nchini Marekani, kilianza kutoa kwa wingi gari dogo la jeshi ambalo dunia nzima ililizoea kwa jina la jeep. Ford nao wakapewa kazi ya kuliunda gari hilohilo, na vita vilipomalizika mwaka 1945 kampuni hizo mbili zilikuwa zimetoa zaidi ya magari 600,000. Karibu kila kitu ndani yake kiliwekwa kwa namna ambayo askari mwenye spana na bisibisi angeweza kukifungua porini. Kioo cha mbele hakikuachwa nje ya utaratibu huo. Kilikuwa vipande viwili bapa ndani ya fremu ya chuma, na fremu yenyewe ilikaa juu ya bawaba, ikalazwa juu ya boneti pale ilipohitajika.

Land Rover ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, ilifuata njia hiyohiyo: vipande viwili bapa, fremu inayolazwa, skrubu zinazoonekana kwa macho. Umbo hilo halikubadilika sana hadi toleo la Series III lilipokoma mwaka 1985, na magari mepesi ambayo jeshi la Uingereza liliyaagiza kuanzia mwaka 1968 ili yabebwe na helikopta yaliurithi mpango huo mzima.

Ubapa huo ni neema kwa mtu anayelifufua gari la jeshi leo. Gari la kisasa lina kioo kilichopindwa. Kisipopatikana kutoka kwa mtengenezaji, hakuna fundi wa mtaani anayeweza kukiunda. Kioo cha jeep au cha Land Rover ya zamani, kwa upande wake, kinaweza kukatwa na fundi vioo yeyote mwenye meza, rula na almasi ya kukatia. Hatari nayo inaanzia papo hapo. Kwa kuwa kila fundi anaweza kukata kipande kikaingia kwenye fremu, magari mengi ya zamani yanatembea na vioo ambavyo havikupaswa kamwe kukaa mbele ya uso wa binadamu. Mhadhara huu unasimama juu ya hoja moja: kioo cha gari la jeshi huchaguliwa kwa kuuliza kitavunjikaje, kabla ya kuuliza kitaonekanaje.

Wapo watakaosema kwamba gari la jeshi lina historia yake na lirudishwe kama lilivyokuwa. Ni kweli, na historia yenyewe inafaa kusikilizwa. Fremu ya kulala haikuwa urembo. Gari lililolazwa kioo lilikuwa fupi, rahisi kufichwa na kupakiwa, na askari aliweza kupiga risasi kuelekea mbele. Zaidi ya hayo, kioo kinamulika. Ralph Bagnold alipounda kikosi chake cha doria ya mbali jangwani nchini Misri mwaka 1940, malori ya Chevrolet yalivuliwa milango, mapaa na vioo vya mbele, yakabakiziwa vikinga upepo vidogo mbele ya dereva. Jua likipiga kioo kikubwa kwenye mchanga mweupe, rubani wa ndege ya adui huliona gari kutoka mbali. Kulaza kioo nako kulileta balaa lake: huko Ulaya, kwa kuhofia nyaya zilizotegwa kukatisha barabara kwenye usawa wa shingo, jeep zilichomelewa nguzo ya chuma kwenye bampa ya mbele ili ikate waya kabla haujamfikia dereva.

Wana wa Afrika Mashariki walizifahamu jeep mapema. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland, ilisonga mbele katika Bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, katikati ya mvua na tope ambalo malori mazito hayakuweza kulipita. Land Rover ndiyo iliyokuja kuwa ya nyumbani hasa. Iliunganishwa Thika katika kiwanda cha Leyland Kenya, ikahudumia majeshi, polisi, mbuga na misheni, na Oktoba 2024 wamiliki walikusanyika nazo Arusha kwa wingi ambao haujazoeleka. Nyingi zimekwisha kubadilishwa kioo cha mbele, baadhi zaidi ya mara moja.

Sasa tuingie dukani. Fundi vioo ana aina tatu za kioo bapa, na zote tatu, zikisimama wima mbele ya mteja, zinafanana kabisa.

Ya kwanza ni kioo cha kawaida cha dirisha la nyumba. Siku hizi karibu chote hutengenezwa kwa kumwaga kioo kilichoyeyuka juu ya bati lililoyeyuka, kikaelea na kujinyoosha chenyewe. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 1959 na kampuni ya Pilkington ya St Helens, Uingereza, chini ya uongozi wa Alastair Pilkington. Kabla ya hapo, kioo kisicho na mawimbi kilitakiwa kusagwa na kung'arishwa pande zote mbili, kazi ya gharama kubwa. Kiwanda cha kioo cha kuelea sasa kipo hata Mkuranga, mkoa wa Pwani nchini Tanzania. Kilizinduliwa mwaka 2023. Ni kioo kizuri, safi, cha bei nafuu. Lakini kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha kama visu. Kwenye gari, lolote liwe, la makumbusho au la shambani, hakina nafasi. Hata kikiwa kinene namna gani, unene unachelewesha tu kuvunjika. Haubadilishi umbo la vipande.

Ya pili ni kioo cha tempa. Kioo hukatwa kwanza kwa kipimo chake kamili, kikatobolewa kama kinahitaji tundu, kisha kikapashwa joto la zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi na kupozwa ghafla kwa upepo mkali pande zote mbili. Uso wa nje huganda kwanza. Moyo wa ndani unapokuja kupoa na kujikunja, uso unabaki umebanwa na moyo umevutwa. Nguvu hizo mbili zinazovutana hukifanya kiwe imara mara nne au tano kuliko cha kawaida. Mfaransa François de la Bastie alipata hataza ya kukaza kioo kwa joto miaka ya 1870, na siri yenyewe ilionekana karne mbili kabla, kwa matone ya kioo yaliyodondoshwa majini, ambayo Prince Rupert aliyapeleka Uingereza mwaka 1660: kichwa cha tone kinastahimili nyundo, lakini ukikata mkia wake, lote linalipuka kuwa vumbi. Kioo cha tempa kina tabia hiyo. Kikijeruhiwa mahali pamoja, chote husambaratika kuwa chembe ndogo zisizo na makali makubwa. Ndiyo maana hakikatwi wala kutobolewa kikishakazwa. Fundi atakayedai kwamba anaweza kukipunguza ukingo kidogo aepukwe.

Pembeni na nyuma ya gari, tempa inafaa sana. Abiria akinaswa ndani, kioo hicho huvunjika kwa nyundo ndogo na kumwachia njia. Mbele ya dereva mambo ni tofauti. Kwa miaka mingi magari ya Uingereza, Land Rover zikiwemo, yaliuzwa na vioo vya mbele vya tempa, na madereva wa zama hizo walikijua kile kishindo: kokoto moja kutoka tairi la lori, na ghafla kioo kizima kinageuka cheupe kama maziwa huku gari likiwa kwenye mwendo. Watengenezaji walijaribu kupunguza balaa hilo kwa kukaza sehemu iliyo mbele ya dereva kwa namna tofauti, ili ivunjike kwa vipande vikubwa zaidi na kubakiza mahali pa kuonea. Ilikuwa nafuu, si dawa. Kwenye barabara za changarawe, ambako kila gari linalopishana nawe linarusha mawe, kuchagua tempa kwa kioo cha mbele ni kukubali kupofuka siku moja bila taarifa.

Ya tatu ndiyo jibu: kioo cha lamineti, yaani vipande viwili vyembamba vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati. Mwanzo wake unahusishwa na Édouard Bénédictus, Mfaransa aliyekuwa mkemia na msanii wa mapambo kwa pamoja. Inasimuliwa kwamba mwaka 1903 chupa ilianguka kutoka rafuni katika maabara yake, ikapasuka lakini haikutawanyika, kwa sababu dawa ya selulosi iliyokuwamo ilikuwa imekauka na kuacha ngozi ndani. Alipata hataza mwaka 1909, na jina la kibiashara la Triplex likatokana na tabaka zake tatu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kioo hicho kilitumika kwenye macho ya vinyago vya kujikinga na gesi, kabla hakijaenea kwenye magari.

Utando ule wa kwanza ulikuwa na kasoro: jua liliugeuza njano, kisha kahawia. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ulipatikana utando bora, polivinili butirali, ambao hadi leo ndio unaotumika. Unavutika, unashika vipande vya kioo visiruke, na unamzuia dereva asirushwe nje kupitia mbele. Jiwe likipiga, unabaki na ufa wenye umbo la nyota, na unaendelea kuona barabara hadi gereji. Kwa gari lolote la jeshi la zamani linalotembea barabarani, kioo cha mbele kiwe lamineti. Hapa hakuna haja ya mjadala wa uhalisia, kwani kioo cha asili na cha lamineti vyote viwili ni bapa na angavu, na mtazamaji aliyesimama hatua mbili kutoka kwenye gari hatajua tofauti.

Unene nao una hesabu yake, na hesabu hiyo imekuwa na bahati nzuri. Fremu nyingi za Kimarekani na Kiingereza za zama hizo zilitengenezwa kwa kioo cha robo inchi, yaani milimita 6.35. Kioo cha lamineti kinachouzwa sana leo kina vipande viwili vya milimita 3 na utando wa milimita 0.38, jumla milimita 6.38. Kinaingia kwenye mfereji wa fremu kana kwamba kiliagizwa kwa ajili yake. Upo pia utando mnene mara mbili, milimita 0.76, na huo ndio uliokuwa kawaida ya vioo vya mbele vya magari tangu miaka ya 1960, kwa kuwa unamkinga zaidi abiria anayegonga kichwa. Jumla yake ni milimita 6.76. Tofauti ni chini ya nusu milimita, na mpira mwembamba kidogo huimeza. Mwenye gari akiweza kuupata, achukue huo. Kabla ya yote, lakini, apime mfereji wa fremu yake kwa kalipa, sehemu kadhaa, maana zipo fremu zilizoundwa kwa vioo vyembamba zaidi, na zipo zilizobanwa kwa nyundo na mafundi wa miaka iliyopita.

Baada ya unene ije alama. Kioo cha gari kilichothibitishwa huwa na muhuri mdogo uliochomwa kwenye kona. Chini ya Kanuni Namba 43 ya Umoja wa Mataifa, muhuri una duara lenye herufi E na namba ya nchi iliyotoa kibali: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 11 Uingereza. Pembeni huandikwa 43R. Kwa kioo cha mbele huongezwa namba ya Kirumi: I ni tempa, II ni lamineti ya kawaida. Wamarekani wana mtindo wao. Kioo cha mbele huandikwa AS1, na vya pembeni AS2. Mifumo yote miwili inadai kioo cha mbele kipitishe angalau asilimia 70 ya mwanga. Lamineti ya majengo inaweza kuwa imara na safi, lakini bila muhuri huo mkaguzi ana haki ya kuikataa, na ajali ikitokea kampuni ya bima nayo itauliza. Ni afadhali kumtafuta muuzaji wa vioo vya magari mwenye karatasi kubwa za lamineti zilizothibitishwa, anayekata kulingana na kiolezo na kuweka muhuri wake. Wapo, na wengi wao wanahudumia matrekta, mabasi na mitambo ya ujenzi, ambayo hadi leo inatumia vioo bapa.

Mihuri ya zamani ni jambo la kuligusa kwa mikono laini. Toledo, mji wa jeep, ulikuwa pia mji wa kioo, na kampuni ya Libbey-Owens-Ford ilikuwa hapohapo. Kipande cha wakati wa vita chenye muhuri wake ni ushahidi. Triplex ya Uingereza nayo iliweka vidoti vidogo kuzunguka herufi za jina lake, na wajuzi huvisoma kupata mwaka na robo ya mwaka kioo kilipotengenezwa. Mwenye Land Rover ya jeshi anaweza kulinganisha vidoti hivyo na mwaka wa gari na kujua kama kioo ni cha kwanza au kiliwahi kubadilishwa. Kwa hiyo kioo kilichopasuka chenye muhuri kisitupwe. Kifungwe kwa kitambaa, kiandikwe kilitoka kwenye gari gani, kiwekwe pamoja na nyaraka. Kinachokera ni tabia iliyozuka miongoni mwa baadhi ya wafufuaji ya kupuliza kwa mchanga nembo ya zamani juu ya kioo chochote kile. Juu ya lamineti yenye muhuri wake halisi kwenye kona nyingine, hayo ni mapambo na hayana madhara. Juu ya kioo cha dirisha la nyumba ni uongo, na mtu anayekuja kununua gari hilo baadaye atauamini.

Badala ya kioo, plastiki huvutia kwa sababu ni nyepesi. Kioo cha milimita 6 kina uzito wa kilo 15 kwa mita ya mraba. Polikaboneti ya unene huohuo haifiki nusu yake. Haipasuki kirahisi pia. Lakini waipa moja ikiburuza vumbi asubuhi moja inaacha upinde wa mikwaruzo, petroli na vimumunyisho huitia mipasuko midogomidogo, na jua huififisha. Mahali pake ni madirisha ya turubai ya nyuma, ambako hata jeshi lenyewe lilitumia karatasi ya plastiki iliyoshonwa. Vioo vya kuzuia risasi kwenye magari ya deraya ni somo jingine kabisa. Ni rundo la tabaka nyingi. Kipande cha milimita 50 kinakaribia kilo 125 kwa mita ya mraba, na fremu ya kawaida ya kulala haiwezi kukibeba. Kikianza kuachana tabaka na kuingia ukungu, hakirekebishwi. Kwa gari la maonyesho lisilotembea barabarani, kibaki kama kilivyo.

Je, kioo cha zamani ambacho hakijapasuka kiachwe? Hapo inafaa kukitazama jua likiwa chini, asubuhi au jioni, ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva. Miaka ya mchanga huacha vishimo vidogo visivyoonekana mchana, lakini taa za gari linalokuja usiku huviwasha vyote kwa pamoja. Mikwaruzo hafifu ya waipa husuguliwa kwa unga wa seriamu oksaidi na maji. Mkwaruzo unaonasa ukucha usisuguliwe. Atakayeufukuza atachimba bonde litakalopinda barabara machoni. Weupe unaoingia kutoka ukingoni ni dalili kwamba unyevu umefika kwenye utando, na hautarudi nyuma. Ukiwa kwenye ukingo tu, nje ya eneo la kuonea, gari linaweza kusubiri. Ukifika mbele ya macho ya dereva, kioo kimekwisha.

Kazi ya kuweka kioo ndiyo inayoharibu vioo vingi vipya kuliko mawe ya barabarani. Fremu ivuliwe yote, kutu isuguliwe hadi chuma kitupu, hasa ubavu wa chini ambako maji hutuama, kisha ipakwe rangi na kuachwa ikauke sawasawa. Ilazwe juu ya meza iliyonyooka. Ikiwa kona moja inaning'inia, inyooshwe kabla ya jambo lingine lolote, kwa kuwa kioo bapa kikilazimishwa kwenye fremu iliyopinda kitapasuka chenyewe, pengine gari likiwa limeegeshwa kivulini. Kiolezo kikatwe kwa hadibodi kutokana na fremu yenyewe, si kutokana na kioo cha zamani, ambacho huenda fundi aliyepita alikikosea. Kila upande ubaki na nafasi ya milimita 2 au 3, na kioo kikae juu ya vipande vidogo vya mpira, kisiguse chuma popote. Kingo zisagwe, kwa kuwa ufa huanzia kwenye jino dogo la ukingoni. Matundu ya kutolea maji yazibuliwe.

Na gundi. Silikoni ya bei rahisi yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula chuma na kusumbua utando wa lamineti ukingoni. Ichaguliwe silikoni isiyo na asidi, au mpira wa fremu wa aina ileile gari lilitoka nao, ambao kwa Land Rover bado unatengenezwa na kuuzwa. Skrubu za vibao vya kushikilia kioo zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, kutoka pembe hadi pembe, kwa mkono na si kwa mashine.

Mwenye jeep au Land Rover ya jeshi aliyekuja leo anaombwa jambo moja. Akifika kwenye gari lake, apige goti mbele ya kioo, atafute muhuri kwenye kona. Akiukuta II au AS1, aendelee na safari. Asipokuta muhuri wowote, kioo hicho kibadilishwe kabla gari halijarudi barabarani, na asitoe pesa kwa kipya mpaka muuzaji amwonyeshe muhuri kwa kidole.